Ozi Imenukuliwa Mara Ngapi?

Siku hizi msomi hujulikana kwa nambari. Zamani ukiulizwa fulani ni nani, ulijibu: ndiye aliyeandika kitabu kile, ndiye aliyesomeshwa na fulani, ndiye aliyebishana na fulani mpaka magazeti yakaingilia. Leo kijana huchomoa simu mfukoni, akaandika jina, kikatokea kijedwali: makala kadhaa, manukuu kadhaa, na chini yake nambari moja ndogo ambayo wenyewe huiita h. Mazungumzo yamekwisha. Mwenye 30 ni mkubwa, mwenye 4 bado mchanga, na asiyeonekana kabisa, huyo ni kana kwamba hakuwahi kushika kalamu.

Leo nataka tuipeleke hesabu hiyo mahali isikozoea kufika. Tusiulize mtu fulani amenukuliwa mara ngapi. Tuulize kijiji. Nimechagua Ozi.

Kwa asiyekufahamu, Ozi ni kijiji cha Wapokomo kwenye delta ya Mto Tana, pande za Kipini, katika eneo la Garsen. Wenyeji hulima mpunga unaotegemea kujaa na kupwa kwa maji ya mto, wana miembe na minazi, na wanapakana na msitu unaoitwa kwa jina lao. Ozi pia lilikuwa jina la mto. Mlango unaotoa maji ya Tana baharini pale Kipini zamani ulikuwa mlango wa Mto Ozi, na Tana yenyewe ilimwaga maji yake kusini zaidi. Katika karne ya 19 watu wakachimba mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili ili mitumbwi ipite. Maji yakaonja njia mpya, yakaipenda, na taratibu Tana ikahamia kwenye mlango wa Ozi. Ramani zikabaki na jina la Tana.

Tuanze na Liongo, maana ndiye anayetajwa kuliko wote katika pande hizo. Kila mtoto aliyesoma fasihi simulizi katika shule zetu anamjua: jitu la vita na la mashairi, lililotoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na likaja kuuawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mtu wa damu yake. Simulizi zinasema alikufa amepiga goti, mshale upindeni, na watu wasithubutu kwenda kisimani kuteka maji. Kaburi linalohesabiwa kuwa lake huonyeshwa Kipini, pale pale kwenye mlango wa Ozi. Mji wake, Shaka, ulikuwa kwenye pwani hiyo hiyo, jirani na Ungwana, ambayo magofu yake yalichimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950 na matokeo yakachapishwa kuwa kitabu mwaka 1966.

Sasa fuata mkufu wa wanaomnukuu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishenari wa Unguja ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na habari za Liongo. Kuanzia hapo, yeyote aliyetaka kumtaja Liongo kitaaluma alimtaja Steere. Akaja Alice Werner, mwanamke wa Kiingereza aliyezunguka pwani yetu kuanzia mwaka 1911 hadi 1913 na baadaye akawa profesa wa Kiswahili London. Aliandika kuhusu Liongo, akaandika kuhusu Wapokomo wa bonde la Tana, na mwaka 1933 akaitoa tena habari ya Liongo katika kitabu chake cha visasili na masimulizi ya Wabantu. Wengi waliofuata wakamnukuu Werner.

Lakini Werner alipata wapi? Lamu kulikuwa na bwana mmoja, Muhammad bin Abubakar Kijuma, mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji wa milango, mcheza ngoma. Mwaka 1913 Kijuma aliutunga utenzi wa Liongo kutokana na masimulizi na beti za kale, na Werner akaupata. Kijuma huyo huyo ndiye aliyewanakilia miswada William Hichens na, katika miaka ya 1930, Mjerumani Ernst Dammann, ambaye mwaka 1940 alitoa kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu. Ukienda leo kwenye hifadhi za London na Hamburg, unakuta mwandiko wake. Kwa kipimo cha kale, msomi ambaye kazi zake zimepita mikononi mwa wataalamu watatu wa nchi mbili za Ulaya tungemwita bingwa wa mabingwa. Kwa kipimo cha leo, Kijuma alikuwa "mtoa habari".

Utenzi wenyewe ulichapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ukiwa umehaririwa na Abdilatif Abdalla, aliyekuwa ametoka jela Kenya mwaka mmoja tu kabla yake. Pale ndipo jina la Kijuma lilipowekwa mahali pa mtunzi. Na mwanzoni mwa karne hii kikundi kizima, akiwamo Gudrun Miehe pamoja na Abdilatif, Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir Juma Bhalo, Yahya Ali Omar, Farouk Topan na wengine, kikazikusanya tungo zinazohusishwa na Liongo na kuzitoa kwa jina la kikundi. Mashairi yamesomwa na washairi, na majina yao yakatajwa. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini jaribu kuiingiza katika mashine ya kuhesabu manukuu uone kizaazaa: mashine haijui la kufanya na kikundi. Hutafuta mtu mmoja wa kumpa pointi.

Nadhani hapa tusimame kidogo kwenye maneno, kwa sababu safu hii ni ya lugha. Kiswahili tuna nakili na tuna nukuu. Yote mawili yana shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha kitu kutoka hapa hadi pale. Tukaligawa: nakili ikawa kazi ya mkono, kutoa kopi, nukuu ikawa kazi ya akili, kuchukua neno la mwenzio na kukiri kwamba ni lake. Halafu tuna rejea na marejeo, ambayo ni kurudi. Mtu anayerejelea anarudi kwa mwenyewe. Sasa angalia msomi anayemrejelea Steere kuhusu kaburi la Ozi. Kwa kweli amerudi wapi? Amerudi London.

Wazee wetu waliosoma chuoni walikuwa na utaratibu mwingine, nao ni mkali kuliko tanbihi zetu: isnadi. Hadithi haikukubaliwa mpaka useme umeipokea kwa nani, naye kaipokea kwa nani, mpaka juu kabisa. Na wapokezi walipimwa mmoja mmoja: huyu mkweli, huyu msahaulifu, huyu hakuwahi kukutana na anayedai kukutana naye. Mnyororo ukikatika pamoja, hadithi hudhoofika. Utaratibu huo haukuhesabu ni mara ngapi jambo limesemwa. Jambo linaweza kusemwa na watu mia, na wote wakawa wamelitoa kwa mwongo mmoja.

Na hili si nadharia tupu. Jirani kabisa na Ozi lilitokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia angepaswa kulijua kabla hajaruhusiwa kuandika tanbihi yake ya kwanza. Nasema habari za Tarehe ya Pate.

Tarehe hiyo ni historia ya masultani wa Kinabahani wa Pate, vita vyao na miji waliyoishinda, ikiwamo miji ya mwambao huo wa mlango wa Tana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitoka mara kadhaa. Kapteni Stigand aliitia kwa Kiingereza katika kitabu chake cha mwaka 1913. Werner akatoa matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri katika jarida la London mwaka 1914 na 1915. Mwaka 1928 Mjerumani Heepe akatoa nyingine. Zipo na hati zingine zilizolala katika maktaba. Mtafiti wa miaka ya 1950 au 1960 alikuwa na kila sababu ya kufurahi: vyanzo vitatu, vinne, vitano, na vyote vinakubaliana! Hivi si ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi, kwamba ushahidi ukitoka pande nyingi unatiliwa nguvu?

Lakini pande hizo zilikuwa mdomo mmoja. Nyuma ya matoleo hayo alikuwapo Muhammad bin Fumo Umar Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini. Na yeye, kwa adabu ya waliosoma, hakuficha kitu. Matini yenyewe yanasema kwamba habari hizo kazipokea kwa babu yake, Muhammad bin Bwana Mkuu Nabahani, aliyeitwa Bwana Simba. Isnadi hiyo imeandikwa pale juu, kwa Kiswahili safi. Ni wasomi waliokuja baadaye ndio walioiruka wakaenda kuhesabu matoleo.

Matokeo yake? Tarehe inasema Wanabahani walifika Pate mwaka 600 wa Hijria, yaani kama mwaka 1204. Mwaka huo ukaingia vitabuni, ukanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, mpaka ukapata ile heshima ambayo jambo hupata likisemwa sana. Mwaka 1969 Neville Chittick, mwanaakiolojia, akaandika makala ya kuutilia shaka mfululizo mzima wa tarehe zile. Wengine nao wakamjibu, na uchimbuzi wa miaka iliyofuata ukaonyesha kwamba Pate yenyewe ina makazi ya kale kuliko Chittick alivyodhani. Mjadala haujakwisha, na sina haja ya kuumaliza hapa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kwa zaidi ya miaka 50 wingi wa manukuu ulichukuliwa kuwa uzito wa ushahidi, na mtu pekee aliyekuwa wazi kuhusu chanzo chake alikuwa Bwana Kitini.

Ozi inaingia wapi? Wanabahani walioishiwa nguvu Pate walihamia bara. Sultani wao, Ahmad aliyeitwa Simba, alikaa Kau, kando ya Mto Ozi, kabla ya kujenga makao Witu. Hapo Witu ndipo ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipoandikiana naye mkataba mwaka 1885. Miaka mitano baadaye Wajerumani waliiachia Uingereza nchi hiyo katika mapatano ya kugawana Afrika Mashariki. Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na mwezi Oktoba 1890 majeshi ya Waingereza yakaupiga mji na kuuteketeza. Inasemekana kitabu cha historia ya Pate, kile chenyewe kilichotunzwa na masultani, kilipotea katika moto huo. Ndiyo maana wasomi walilazimika kumtegemea Bwana Kitini na alichokikumbuka. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema kwa dharau kwamba Waafrika walisimulia tu hawakuandika, mwulize kwanza nani alichoma maktaba.

Upande wa Wapokomo wenyewe kuna mkufu wa pili. Mwaka 1887 wamishenari wa Neukirchen, Ujerumani, walifungua kituo Ngao, juu kidogo ya mto. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alikuwa na sikio zuri la lugha. Akaandika sarufi ya Kipokomo, na mwaka 1895 ikatoka kamusi yake ya Kitikuu na Kipokomo. Carl Meinhof, baba wa isimu ya Kibantu ya Wajerumani, aliifanyia kazi Kipokomo pia. Baadaye sana, Thomas Hinnebusch na Derek Nurse wakaonyesha kwamba Kipokomo, Kielwana, lugha za Wamijikenda, Kiswahili na lugha za Ngazija zimetokana na mama mmoja, wakaliita kundi hilo Sabaki, kwa jina la mto mwingine wa pwani yetu. Kitabu chao cha mwaka 1993 ni nguzo. Huwezi kuandika sura ya kwanza ya tasnifu kuhusu asili ya Kiswahili bila kukigusa.

Fikiri maana yake. Ubishi mkubwa wa kizazi chetu ulikuwa kama Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganyika ama ni Kibantu tangu tumboni. Sehemu ya jibu ilikuwa kwenye midomo ya watu wa Tana, ambao husema madzi pale Mswahili anaposema maji. Ukiziweka sauti kama hizo sambamba, neno kwa neno, ndipo unaona undugu. Ushahidi huo ulitoka kwa wavuvi, wakulima na wake zao waliokaa saa nzima wakimrudia mgeni neno moja mara saba. Katika orodha ya marejeo wanaitwa "Würtz 1895".

Na kuna kazi ambazo hata kwa jina la mgeni hazinukuliwi. Mwaka 1990 Thomas Geider, Mjerumani aliyefariki mwaka 2010, alichapisha Köln utafiti wa juzuu mbili kuhusu zimwi katika fasihi na maisha ya Wapokomo. Juzuu mbili juu ya zimwi! Ni hazina. Ila ni ya Kijerumani, na ulimwengu wa kunukuu unasoma Kiingereza, kwa hiyo wengi wetu tunaipita kama tunavyopita duka lililofungwa. Wanaodhani ni Kiswahili peke yake kinachoonewa na mashine waende wakawaulize Wajerumani.

Hiyo mashine ilitoka wapi? Kwa ufupi: mawakili wa Marekani walikuwa nayo kwanza. Tangu mwaka 1873 kampuni ya Shepard iliwaorodheshea kesi zipi zimetaja kesi zipi, ili wakili asije akasimama mahakamani na hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Eugene Garfield akaliona wazo hilo, mwaka 1955 akaandika makala katika jarida la Science akipendekeza kitu kama hicho kwa sayansi, na mwaka 1964 faharasa yake ikatoka Philadelphia. Nia yake ilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta. Mwaka 2004 zikaja Scopus na Google Scholar. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni ile h: ukiwa na makala 10, na kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Chombo cha kutafutia kikageuka mizani ya kupimia watu. Hata hiyo h, ukiiangalia vizuri, haiulizi kama aliyenukuu alikusifu, alikutukana ama alikunakili bila kusoma.

Vyuo vikuu vyetu vikaipokea. Nimekaa kwenye kamati za kupandisha wahadhiri vyeo miaka mingi, katika zaidi ya chuo kimoja, na nimeona faili la mhadhiri wa Kiswahili likiwekwa kando kwa sababu majarida aliyoandikia "hayaonekani". Hayaonekani na nani? Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lina mizizi tangu mwaka 1930, enzi za kamati ya lugha ya nchi zote za Afrika Mashariki. Lina umri kuliko faharasa ya Garfield kwa miongo mitatu na zaidi. Lakini mjumbe mmoja wa kamati, mtu wa sayansi na muungwana kabisa, aliniuliza kwa upole, "Sasa Profesa, nitajuaje kama ni zuri?" Nikamwambia alisome. Akacheka. Alidhani natania.

Pengine msomaji anasema haya ni malalamiko ya watu wa fasihi na historia, wapenda makaburi. Basi tuje kwenye taaluma ya mawasiliano, ambayo ni ya kisasa, na tubaki huko huko kwenye delta.

Tarehe 22 Agosti 2012 watu 52 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mapigano ya Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, yakaenea: Chamwanamuma, Kilelengwani, na mwezi Desemba Kipao. Kufikia mapema mwaka 2013 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa. Sababu zilikuwa ardhi, maji, malisho na siasa za uchaguzi uliokuwa mlangoni. Lakini kilichobeba moto kutoka kijiji hadi kijiji kilikuwa neno. Wale wanajikusanya, wale wameletewa bunduki, wale wametia sumu majini. Ukikaa kijijini usiku, simu moja ikiingia na habari kama hiyo, hungoji asubuhi.

Mwaka 2013 shirika la Kanada liitwalo Sentinel Project, likishirikiana na watafiti wa iHub wa Nairobi, likaanzisha huko mpango wa kupambana na uvumi, ukapewa jina la Kiswahili: Una Hakika. Mtu akisikia jambo alituma ujumbe kwa simu. Wahusika waliliingiza kwenye mfumo, wakalifuatilia kwa kuuliza watu walioaminika katika kijiji husika na kwa maafisa, kisha wakarudisha jibu: hili kweli, hili si kweli, hili bado tunalichunguza. Vijijini walikuwapo mabalozi, watu wa kujitolea wa pande zote mbili, ambao ndio waliokwenda kuona kwa macho kama kweli ng'ombe wameingia shambani ama kama kweli kuna watu wenye silaha vichakani.

Mabalozi hao walikuwa wakifanya nini, kama si isnadi? Umesikia kwa nani? Yeye kasikia kwa nani? Alikuwapo? Uvumi ni hadithi iliyokatwa mnyororo wake, ndiyo maana huanza na "watu wanasema". Jina lenyewe la mpango ni swali ambalo mwalimu wa chuo angemwuliza mwanafunzi.

Mpango huo ukapata jina duniani. Ulimwengu ulipoanza kuhangaika na habari za uongo mitandaoni, hasa baada ya mwaka 2016, wasomi wa mawasiliano walioandika juu ya uvumi na ghasia barani Afrika walikuwa na mfano tayari: Delta ya Tana. Imo katika ripoti, imo katika makala za majarida, imo katika mihadhara ya watu ambao hawajawahi kuvuka daraja la Garsen. Na ni haki iwemo, kazi ilikuwa nzuri. Lakini zitafute makala hizo kwa Kiswahili. Zitafute kwa Kiorma au Kipokomo, lugha ambazo uvumi wenyewe ulisemwa. Tunaelezwa kwa Kiingereza kwamba ujumbe fulani ulizua hofu. Ulisemwaje, kwa neno gani, kwa methali gani, kwa kejeli ipi ya zamani baina ya jirani na jirani, mara nyingi hatuambiwi. Na kwa mtu wa mawasiliano hapo ndipo penye nyama. Tofauti ya "wamekuja" na "wameshakuja" kwa mtu aliyelala na mkuki mlangoni si tofauti ya sarufi tu.

Mabalozi hawana h. Najua wengine watasema usalama wao ulitaka wasitajwe, na hiyo ni hoja ninayoikubali: si kila chanzo hutajwa jina, wengine hufichwa ili waishi. Lakini kumficha mtu kwa kumlinda ni jambo moja, na kumsahau ni jambo jingine. Aliyefichwa hupewa angalau sentensi moja ya kukiri kwamba yupo na kwamba kazi ni yake.

Nikirudi kwenye hesabu niliyoanza nayo, iko kazi moja ya watu wa Tana ambayo imenukuliwa kuliko chochote nilichotaja, kuliko Würtz, kuliko Nurse, kuliko Garfield mwenyewe. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, wakiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ilipokuwa ikitafuta wimbo wa taifa la Kenya, ilichukua sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Tangu hapo tunausimamia wima kila sikukuu, kila mechi, kila mwanariadha wetu anapovikwa dhahabu. Hakuna chuo kilichowahi kumpa pointi mama wa Kipokomo aliyeutunga.

Wanafunzi wangu wa uzamili hunijia na swali la vitendo kuliko haya yote. Profesa, nikimtumia Bwana Kitini, nimwandike wapi katika marejeo? Chini ya Stigand, chini ya Werner, ama chini ya Heepe? Huwaambia wamweke chini ya N: Nabahani, Muhammad bin Fumo Umar, kisha waseme kamsimulia nani na imechapishwa wapi. Mwaka jana mmoja akaniuliza, "Na mwaka niandike upi? Maana yeye aliipokea kwa babu yake, na babu hatujui ni lini." Nikamwambia aandike mwaka wa chapa aliyoisoma, halafu aongeze na babu.